Tanzia Haisomwi Mpaka Chini

1.

Simu yangu iko wapi?

Ilikuwa hapa, juu ya kabati la vyombo, chini ya kile kitambaa cha kufuma. Nimeingia ndani kuchukua chumvi, nimetoka, haipo. Na uani kwangu yupo Mama Chausiku, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anafagia. Ufagio wangu. Uwanja wangu. Sijamwita.

"Mama Chausiku, umeiona simu yangu?"

"Keti, Bi Sikudhani. Keti kwanza."

Hanitazami.

2.

TAARIFA KWA UMMA

Kampuni ya Simu ya Kurunzi ina furaha kuwatangazia wateja na wapenzi wake wote kwamba simu mpya, Kurunzi ya Kumi, imezinduliwa rasmi leo asubuhi. Simu hii ina maboresho makubwa yafuatayo:

(a) rangi mpya ya maziwa mgando;
(b) kona zilizoviringwa zaidi kuliko za Kurunzi ya Tisa;
(c) mlio mpya wa kuamshia, unaofanana na mvua.

Kuhusu simu kuchaji kwa jua: kampuni haijawahi kutoa tamko lolote. Kampuni haitahusika na matarajio ya mtu binafsi.

3.

Wewe unayesoma, ngoja nikuweke sawa, usije ukapotea.

Mwajabu ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi, hapa hapa Korogwe, tangu hajaota meno ya mbele. Sasa ni msemaji wa Wanakurunzi. Ni watu wanaoipenda simu kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Wana jezi. Wana wimbo. Wimbo katunga yeye.

Leo asubuhi aliwapeleka kwenye banda la mpira, pale stendi, kutazama simu mpya ikitangazwa. Alikuwa ameshawaambia, tangu mahindi yanapandwa, kwamba simu hiyo haitataka umeme. Itakula jua. Aliwaapia.

Hakudanganya. Alitumaini kwa sauti kubwa.

Akiwa anafunga kamba za viatu aliniambia, "Bibi, leo utaona. Simu utaianika kama mpunga."

"Na mvua ikinyesha?"

"Bibi nawe!"

Akacheka. Akaondoka na jezi yake ya manjano. Hilo ndilo la mwisho nililo nalo.

4.

(Ndani ya banda la mpira. Sauti za watu gizani, macho kwenye televisheni.)

— Tulia, inakuja sasa hivi.

— Hiyo ni rangi?

— Ni rangi tu?

— Jua watalitaja mwishoni. Vitu vikubwa huwa mwishoni.

— Mwishoni ndiyo hapa, kaka. Wanapiga makofi.

— Mlio wa mvua! Sisi tumeomba jua, wao wametuletea mvua!

(Kicheko.)

— Msemaji yuko wapi?

(Hakuna kicheko.)

5.

KUNDI: WANAKURUNZI KOROGWE

Kidole Gumba: Yaani nimevaa jezi tangu alfajiri kwa ajili ya kona za mviringo

Betri Imekufa: Nimemwambia mke wangu nyumba nzima itawaka kwa simu. Nitaingiaje ndani leo?

Mtoto wa Stendi: Dada Mwajabu ulituapia. Ulisema umeiona kwa macho yako

Mwajabu (Msemaji): Ndugu zangu, niliiona kwenye picha ya shabiki mwenzetu, nikaamini. Naomba radhi. Naomba

Kidole Gumba: Radhi kampe bibi yako

Betri Imekufa: Katokea mlango wa nyuma. Nani kamwona?

Mtoto wa Stendi: Mimi. Tulieni. Hana pa kwenda

Kidole Gumba: Mimi nishamzika. Subirini nawatumia

6.

TANZIA

Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu MWAJABU MHINA, kilichotokea ghafla leo asubuhi hapa Korogwe.

Msiba uko nyumbani kwa bibi yake, Bi Sikudhani, Mtaa wa Mkongeni, jirani na mashine ya kusaga. Mazishi ni leo baada ya sala ya alasiri.

(Picha yake. Ile aliyopigwa Idi, kavaa ushungi wa bluu.)

7.

Namba hii siijazi. Ni ya Mwajabu. Yaliyompata baada ya ule mlango wa nyuma ni yake, atayasema kwa mdomo wake.

Namwekea nafasi.

8.

Wanazidi kuja.

Mwanamke na mkeka kwapani. Mwanamke na mzigo wa kuni kichwani. Wawili wamebeba sufuria kubwa ya mtaa, ile ya shughuli, kila mmoja sikio lake. Wanaume wanafunga turubai kwenye mpapai wangu. Hakuna anayebisha hodi. Wanaingia kama maji.

Mimi si mtoto. Najua sufuria ile hutoka kwa sababu mbili, na hakuna mwenye harusi hapa.

Lakini mfiwa huambiwa mwisho. Ndivyo tulivyolelewa. Watu hutangulia, hukaa, huzoea, ndipo mkubwa mmoja humsogelea mwenye msiba na kumwambia. Nimewafanyia wengi hivyo. Nimewafagilia uwanja wasijue kwa nini nafagia. Nimekaa karibu nao nikiongea habari za bei ya vitunguu, huku mimi najua.

Sasa wananiongelesha habari za vitunguu.

Namhesabu kila niliye naye duniani. Naanza na wazee, walio karibu na kaburi. Sitaki kumfikia yule wa jezi ya manjano. Namruka. Narudia tena kuanzia wazee.

Namruka.

9.

Haya, niseme na mimi. Mimi ndiye Mama Chausiku.

Simu nimeichukua mimi, nimeizima, nimeifukia kwenye unga. Ulitaka nifanyeje? Kwetu kifo hakiingii kwa mlio wa simu. Kinaingia na watu. Bibi mwenye presha anapigiwa na mtu asiyemjua, anaambiwa, anaanguka peke yake jikoni? Hapana.

Tanzia nimeiona kwenye kundi letu la kina mama. Nimeona picha, nimeona jina, nimevaa kanga. Nani anasoma tanzia mpaka chini? Na ungeuliza nini? Utampigia mfiwa umwambie, samahani, ni kweli umefiwa?

Nilipofika na ufagio, wenzangu wakaona nimefika. Wakaja. Mimi nikaona wenzangu wamekuja.

Nikaamini zaidi.

10.

(Zilizotumwa kwenye simu iliyokuwa ndani ya unga.)

Bibi pokea

Bibi nipo stoo ya saluni ya dada Rukia nyuma ya stendi. Nimejifungia. Dada Rukia hayupo

Usije peke yako. Mwambie mjumbe. Njooni watu wengi

Wanapita nje wanaimba. Wanaimba wimbo wetu Bibi. Ule wangu

Betri inakwisha. Humu jua haliingii hata ingekuwa ile simu

Mbona umezima? Na wewe umenikasirikia?

Bibi kuna mmoja hajaondoka na wenzake. Haimbi. Namsikia anapumua

Anagonga mlan

11.

Mjumbe wetu, Mzee Shekidele, alivaa kofia yake ya vikao. Akasimama mbele yangu, akakohoa.

"Bi Sikudhani. Kwa niaba ya uongozi wa mtaa, na kwa mujibu wa taarifa zilizotufikia, ofisi inasikitika..."

"Nani?"

"...inasikitika kukujulisha kwamba..."

"Shekidele. Tumecheza wote kombolela. Nani?"

Kofia ikashuka.

"Mwajabu, dada yangu."

 

 

 

Hapo juu patupu ndipo nilipokuwa. Sina maneno ya kuweka hapo.

Niliporudi, kina mama walikuwa wamenishika mabega, na mmoja alikuwa ameinama mafigani anapuliza kijinga cha moto.

"Usiwashe," nikasema.

"Bibi, watu wengi, maji ya..."

"Nimesema usiwashe. Maiti kaiona nani?"

Yule mpuliza moto akainuka.

"Mimi nimesikia kwa Mama Chausiku."

"Mama Chausiku, umeiona?"

"Nimeona tanzia."

"Iko wapi? Imelazwa wapi? Nani kaifumba macho? Mzee Shekidele, hilo jeneza la msikitini mmelileta tupu, mlitaka kwenda kumbeba kutoka wapi?"

"Tulidhani wewe unajua," akasema Mzee Shekidele.

Wote walidhani mimi najua. Na mimi nilikuwa nakaa nao naongea vitunguu.

"Isomeni hiyo tanzia. Mpaka chini."

Mama Chausiku akaitoa simu yake. Akasoma chini ya picha, kwenye yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Sauti ikawa inamfia njiani:

"Marehemu amefariki kwa aibu. Sanda ni jezi yake. Rambirambi zipokelewe kwa chaja. Wapenda jua wote... mnakaribishwa."

Na vichwa vya manjano vinavyocheka mpaka machozi. Mstari mzima.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasema, "Kwa hiyo yu hai." Mwingine akataka kupiga kigelegele, nikamzuia kwa mkono. Tanzia ya uongo haimaanishi mtu ni mzima. Inamaanisha tu kwamba hatujui.

"Simu yangu," nikamwambia Mama Chausiku.

Akaenda kwenye unga.

12.

Iliwaka taratibu, simu ya kizee kama mwenyewe. Nayo ni Kurunzi, alinirithisha yeye. Kisha meseji zikaanza kuanguka, moja juu ya moja, kama maharage kwenye sufuria tupu. Umeshazisoma. Mimi ndiyo nazisoma.

Nilipofika ile ya mwisho nilingoja imalizike.

Mlan

Nikapiga. Ikaita. Ikaita. Watu wote wa msiba wangu walinisogelea, hata wale wa turubai walishuka ngazi.

Ikapokelewa.

Pumzi.

Sikuuliza ni nani. Ningeuliza, angelazimika kujibu, na mwenye kugonga angemsikia. Nikasema polepole: "Mama yangu, kama ni wewe usiseme kitu. Usifungulie sauti ya mwanamume yeyote, hata akijua jina lako la utotoni. Tunakuja. Fungua ukisikia vigelegele. Vigelegele tu."

Pumzi.

Halafu simu ya upande wa pili ikafa.

Ni barabarani, nimeshavuka reli, ndipo nilipojiuliza.

Nimemwambia nani?

13.

TULIVYOKWENDA NAVYO STENDI

Mikeka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitua.
Mwiko.
Kuni, zikiwa bado vichwani.
Mzee Shekidele na kofia ya vikao.
Kanga za msiba, nyingi, zote zimevutwa mbele ya uso.
Jeneza, tupu, kwenye mabega ya wanaume. Nani awaambie walirudishe? Hatukuwa na muda wa kurudisha kitu.

Njiani Mama Chausiku alinisomea ya kwenye kundi la Wanakurunzi, yale ya namba tano, yaliyokwisha kusambazwa mpaka kwa kina mama, huku analia anajikwaa. "Soma," nilikuwa namwambia. "Utalia baadaye. Soma."

14.

(Vijana wa jezi za manjano, mbele ya banda la mpira.)

— Oya. Oya, tazama kule.

— Kuna nani kafa?

— Wanakuja huku.

— Yule mbele si bibi yake?

— Acha masihara.

— Si masihara, yule ni bibi yake, na lile ni jeneza.

— Kumbe kweli kafa?

— Nani kaandika ile? Kidole, si wewe uliandika? Umeandika nini wewe?

— Nilikuwa natania! Wote mlicheka! Wote!

Mmoja akaanza kuvua jezi. Ikamkwama kichwani, akabaki anahangaika ndani yake kama mtoto anayevishwa.

Wakapisha. Wimbo ukawa umeisha wenyewe.

"Shikamoo, Bibi," mmoja akanong'ona.

"Marahaba. Wewe ndiye unayegonga mlango wa saluni?"

"Hapana, Bibi! Wallahi! Sisi tuliimba tu. Tumetoka kule kitambo."

"Wote?"

Wakageuka kuhesabiana kwa majina. Kidole Gumba yupo. Betri Imekufa yupo, ana mvi huyu, ni baba wa watu.

"Mtoto wa Stendi yuko wapi?" akauliza mmoja wao.

Niliona hofu ikiwapita usoni, mmoja mmoja. Mpaka hapo hofu ilikuwa yangu peke yangu.

15.

TANGAZO

Kampuni ya Simu ya Kurunzi inawashukuru mashabiki wote wa Korogwe kwa mapokezi ya kihistoria. Endeleeni kutufuatilia. Furaha yenu ndiyo nuru yetu.

16.

Mlango wa stoo ni wa bati, umepakwa rangi ya kijani. Chini yake kumekunjika, kama mtu aliyeingiza vidole akavuta. Kandambili moja chini, ya manjano. Nilipoinama kuiokota niliona si kandambili, ni kiatu chake. Kamba imefungwa vizuri, kama alivyoifunga asubuhi.

Nje hakukuwa na mtu.

"Labda kakimbia, yule," akasema Mzee Shekidele.

"Labda yuko ndani," akasema Mama Chausiku, kisha akaziba mdomo.

Wanaume walitaka kuuvunja. Nikasema hapana. Nimempa neno, na mtoto akishapewa neno halivunjwi kwa teke. Kama ni yeye aliyenisikia, anangoja. Kama si yeye aliyenisikia

Nikawageukia wanawake. Kanga za msiba usoni, kuni vichwani, jeneza nyuma yetu.

"Pigeni."

"Na sare hizi, Bibi? Kwenye jeneza?"

"Pigeni."

Kikaanza kimoja, chembamba, chenye machozi. Kikapokelewa. Kikapokelewa tena, mpaka bati likawa linatetemeka, mpaka vijana wa jezi wakaja wakasimama mbali na vichwa chini. Sijawahi kusikia vigelegele vya woga. Sasa nimevisikia.

Tukanyamaza.

Ndani, kitu kikaburuzwa.

Kisha kitasa kikaanza kuzunguka, polepole, kwa mkono wa mwenye namba

7.