Harufu Ndani ya Pikapu

Pikapu ya Mugo ilitoka Amerika, na haikuchagua mafuta: petroli ya kawaida sawa, spiriti ya mahindi inayouzwa kwa mitungi kule mtaa wa Nechells, huku ughaibuni, pia sawa. Petroli inakufikisha mbali zaidi, tena iko kila kona. Lakini Mumbua, mkewe, mimba ya miezi minane, akinusa petroli tu anatapika hadi nyongo. Sasa mwanamume afanyeje? Mugo akahamia spiriti, na watu wa kanisani wakamcheka weee mpaka wakachoka.

Ubaya wa spiriti, inaisha upesi. Jumamosi aliyotumwa kumpokea mama mkwe uwanja wa ndege, mshale wa mafuta ulilala kabla hajaegesha. Akashusha jerikeni, akajaza mbio mbio, nyingine ikamlowesha mkono wa koti. Hakuwa na muda wa kujifuta.

Mumbua alikuwa amemfundisha wiki nzima: Ukambani mama mkwe hakumbatiwi, hapewi mkono, hata kumsogelea ni aibu. Mugo akamsalimu Mama Kalekye kwa mbali, ameinama, akamsukumia mizigo. Mama akaketi kiti cha nyuma. Milango ikafungwa.

Kabla gari halijawashwa, mlango wa nyuma ukafunguka tena. Mama ameshuka.

"Umekunywa," alisema.

"La, Mama! Ni mafuta ya gari."

"Mafuta ya gari nayajua. Hiyo ni chang'aa. Chang'aa ndiyo iliyonizikia mume." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Niliapa sitalala tena chini ya paa la mlevi. Nitafutie ndege ya kurudi."

Mugo akampigia Mumbua, akaweka sauti kubwa. Mumbua alikuwa akilia kabla hajamaliza kusikia. "Mama, hanywi! Ni hii mimba yangu, ni mimi sitaki petroli! Usiniache nizae peke yangu!"

"Hata mimi nilikuwa namtetea baba yako hivyo hivyo," Mama akajibu, akageuka kutazama kwingine.

Mugo alimwonea huruma yule mama, na akamwonea huruma mkewe zaidi. Alivua koti, akalitupa nyuma ya pikapu. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, na kuutaja ilikuwa kujivunjia heshima yote.

"Ninuse mdomo, Mama," akasema, macho chini. "Nisamehe."

Salaale! Mtu anamwambia mama mkwe maneno kama hayo? Mama Kalekye alirudi nyuma hatua mbili. Akamtazama tangu viatu mpaka kichwani, kisha akatazama simu, ambamo bintiye alikuwa bado analia kwa kwikwi.

"Mungu anisamehe na mimi," akasema, akamsogelea.

Mugo aliinama. Akapumua. Mama akanusa. Akanusa tena, amefumba macho. Mara ya tatu alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Miaka ishirini na mbili," Mama akasema, machozi yakimtiririka, "kila jioni nilimnusa baba yake Mumbua hivi, nikimwomba Mungu nisikute kitu. Leo ndiyo amenijibu."