Kabati la Miti ya Yusufu

Alhamisi saa nne asubuhi Zaina Mukandekezi alikuwa kituo cha mabasi cha Nyabugogo, akigombana na kondakta wa basi la magharibi aliyeweka tenga la kuku juu ya furushi lake. Furushi lenyewe lilikuwa magazeti makuukuu, na ndani ya magazeti mlikuwa na matawi. Kaka yake, Yusufu Bayingana, ndiye aliyeyakata huko milimani, akayabana kati ya mbao mbili na kuyatuma Kigali yakiwa yamekauka. Kazi ya Zaina ilikuwa kuyabandika kwenye karatasi ngumu katika ofisi ya serikali ya misitu na kuandika lebo: jina la mti, mahali, kimo cha mlima, aliyekusanya. Walikuwa na miaka sita katika kazi hiyo, kaka na dada, watoto wa fundi cherehani wa Nyamirambo.

Furushi lilifika, Yusufu hakufika. Ilikuwa Oktoba ya 1990, vita vina wiki mbili, na Jumatatu yake askari walikuwa wamemkamata kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na dira na daftari lililojaa vimo na vijia. Wakasema ni icyitso, msaidizi wa adui. Wallahi, mtu aliyekuwa akihesabu vichaka!

Ilihitajika barua moja tu. Mkurugenzi aandike kwamba ofisi ndiyo iliyomtuma Yusufu kuhesabu miti, kuanzia uwandani hadi juu milimani. Mistari mitatu na mhuri.

"Zaina, mimi niko na watoto," mkurugenzi alimwambia. "Tungoje kwanza hali itulie."

"Na yeye hana watoto, Bwana Dirigiteri?"

Mkurugenzi akaanza kutafuta kalamu yake, na miezi mitatu ikapita akiitafuta. Siku ile ile Zaina alirudi mezani akilia kwa hasira, si kwa huzuni, akabandika matawi yote ya furushi lile na kuyapanga kabatini.

Jumanne iliyofuata yalichipua. Ulianza umunyinya, mgunga wa uwandani, rafu ya chini kabisa, ukatoa miiba mibichi iliyomchoma mfagiaji kidole. Kufikia Ijumaa kabati zima lilikuwa limeota, pamoja na matawi ya miaka ya nyuma, maana yote yalikuwa ya Yusufu. Lilikuwa na rafu saba zilizofuata vimo, uwanda chini, milima juu. Rafu ya chini ilikuwa na joto na panzi. Ya juu ilikuwa na ukungu, na umugeshi, mti wa milimani, ulidondosha maji juu ya mafaili ya likizo. Béatha, mpiga chapa, alileta sweta la kuvaa kila mtu anayepanda ngazi, akalitundika kwenye msumari.

Rafu ya nne, ya katikati, ndiyo iliyosongamana. Miti ya uwanda ilikuwa imepanda mpaka hapo, ya milima imeshuka mpaka hapo, na kati yao imeota mingine isiyoonekana chini wala juu. Thelathini na minane kwenye rafu moja! Fomu ya ofisi ilikuwa na safu mbili tu, uwanda na mlima. Yusufu alikuwa amechora ya tatu kwa rula, akaandikiwa barua ya onyo. Kwa barua za namna hiyo kalamu haikuwahi kupotea.

Ofisi ilizoea. Mfagiaji akawa anafagia majani mara mbili kwa siku, na mkurugenzi alilalamikia unyevu.

Zaina alipopeleka chakula gerezani, Yusufu alimsogelea akiwa hana meno mawili ya mbele.

"Ule mti wa umwungo umeota?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umeota. Rafu ya nne."

"Ni pake hapo," alisema, akacheka kidogo, na mlinzi akamfukuza.

Hapo Zaina akapata akili. Ushahidi si huu? Daftari lilisema mti fulani uko kimo fulani, na mti wenyewe uko hai kwenye rafu yake, pamoja na hali ya hewa yake. Aliwasumbua watu, akangoja kwenye mabenchi, akaambiwa rudi kesho mpaka viatu vikaisha soli. Mwishowe, Januari, mpelelezi akaja na daftari.

Alikuwa mtu makini, haki yake apewe. Alivaa sweta la Béatha, akapanda ngazi, akalinganisha jani kwa jani tangu saa mbili hadi saa tisa. Akashuka akijifuta ukungu usoni.

"Huyu mtu hakudanganya hata mti mmoja," alisema.

Zaina alipiga makofi. "Basi mwachieni, afande."

"Dada, fikiri kidogo. Mtu anayejua kila kichaka na kila kijia mpaka kule juu, tumwachie aende wapi? Zamani tulikuwa tunamshuku tu. Sasa tuko na hakika."

Aliandika hivyo kwenye karatasi na kuomba shahidi. Mkurugenzi akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akatia sahihi, akapiga mhuri.

Mpelelezi alikuwa keshafika mlangoni alipogeuka na kuonyesha rafu ya nne. "Na hii iko upande gani?"

"Ah, hiyo tutaipanga upya," mkurugenzi alijibu haraka.

Jumatatu Zaina alipewa mkasi. Miti ya katikati igawanywe, mingine ishushwe, mingine ipandishwe, na isiyo na upande itupwe.

"Nitaijuaje?"

"Wewe itazame tu. Utajua."

Alitaka kumtupia ule mkasi. Lakini aliwaza ile barua, kwamba labda siku moja, akitii, mtu huyu atamwandikia mistari mitatu. Akakata mpaka jioni. Asubuhi yote thelathini na minane ilikuwa imeota tena mahali pale pale, minene zaidi. Mkurugenzi alikagua, akaguna, akasema mkasi haufai, akamtuma mfagiaji sokoni akalete panga. Zaina alilipokea. Yusufu alikuwa bado yumo gerezani, na ile mistari mitatu haijaandikwa.