Tumekunja

Mashine ya kukunjia gazeti letu ilikufa kabla mjukuu wangu wa kwanza hajaota meno, na tangu hapo mashine ni sisi, wanawake wa mtaa. Kila Alhamisi mchana tunakaa chumba cha nyuma, tunapokea karatasi zikiwa bado na joto la mtambo, tunakunja, tunakandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Mzee mwenye gazeti hutuletea chai mwenyewe, na hajawahi kusahau kwamba mwenzetu mmoja, mkunga mstaafu, hatumii sukari.

Ndiyo maana ilituuma kusikia anauza. Na anamuuzia nani? Bwana Uzio. Jina hilo mtaa ulimpa alipozungushia waya njia ya kwenda zahanati, akidai ni kiwanja chake. Binti yangu, ambaye ndiye mhariri, aliiandika habari ile bila kupepesa macho. Sasa baraza la ardhi lilikuwa likae Ijumaa asubuhi kuamua njia ni ya nani, na Bwana Uzio akatoa sharti: kabla hajatia saini, gazeti litoke na ukurasa wa mbele wa kuomba radhi, useme tulidanganya. Angeupeleka barazani. Binti yangu alikataa kuuandika. Bwana Uzio akauandika mwenyewe.

Mtaa ulichachamaa. Watu walisimama langoni tangu asubuhi, na mwenye bucha akabandika karatasi mlangoni kwake: "Nyama inauzwa. Gazeti haliuzwi." Lakini mzee alikuwa amechoka. Magoti yanamsumbua, karatasi imepanda bei, watoto wake wako mbali. Alisema anataka kukunja jamvi apumzike, na sikumlaumu.

Alhamisi mchana mtambo ukanyamaza, mzee na Bwana Uzio wakaingia chumba cha nyuma. Bwana Uzio aliponiona nimesimama alinisogezea kiti, nikamshukuru. Adabu ni adabu. Nikakaa, nikausoma ukurasa ule polepole. Chini kabisa palikuwa na jina la binti yangu, kana kwamba ni yeye aliyeomba radhi.

"Haya, mama zangu, kunjeni," mzee akasema, macho yakiwa dirishani.

Tukatazamana. Mkunga akakunja mikono kifuani. Mke wa fundi cherehani akakunja mikono, na uso pia. Nami nikakunja.

Bwana Uzio akauliza kuna nini.

"Tumeambiwa tukunje, baba," mkunga akamjibu. "Tumekunja."

Mchapaji alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha wino. Bwana Uzio akamwita dereva wake aje kusaidia. Dereva akasema yeye aliajiriwa kushika usukani, mambo ya karatasi hayajui. Mkewe ni mjamzito, na siku hizi anazunguka juani mtaa mzima ili afike zahanati. Basi bosi akavua koti, akakunja mwenyewe. Nakala ya kwanza ikatoka michezo ikiwa mbele. Ya pili ikachanika.

Nilimwambia mzee kwa upole, maana ni mtu mwema: "Kaka, uza mtambo, uza meza, uza na viti hivi. Jina la mwanangu usiliuze. Na sisi hatumo kwenye bei."

Mzee akachukua nakala, akaisogeza karibu na macho, akaisoma yote. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaisoma. Alipofika kwenye jina akauliza nani kaliweka pale. Bwana Uzio akavaa koti lake.

"Binti," mzee akamwita mwanangu, "ukurasa wako wa wiki hii, ule wa njia ya zahanati, bado unao?"

"Ninao, mzee."

"Chapa huo."

Bwana Uzio akasema basi biashara imekufa. Mzee akamjibu kwamba azike salama.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulijua karatasi bado ni ghali, na magoti ya mzee hayatapona kwa ubishi wetu. Mtambo ukaanza kunguruma tena. Binti yangu akaja na mzigo wa kwanza mikononi, macho mekundu, akauweka mezani.

"Mama, sogea kidogo," akasema, akaketi kati yetu. Baraza lilikuwa linakaa asubuhi, na lazima wapate cha kusoma.