Mkutano Uliofunikwa na Kicheni Pati

Unaangalia pembeni. Ndivyo ulivyofanya hata siku makaburi ya mtaa wetu kule Tegeta yalipozungushiwa mabati na mnunuzi. Ukapita na mkate wako kwapani kama huoni. Basi sikia ya Hamdiya, maana mama yake, Bi Salsabil, amelala ndani ya mabati hayo.

Hamdiya ana steshenari Mabibo, jirani na hosteli. Virusi vya flashi za wanachuo vilimchosha, akaitupa Windows, akaweka Linux na kujifunza kuiamrisha kwa maandishi. Baada ya mabati kusimama, akitafuta ushahidi, aliingiza CD ya zamani ya mkutano wa mtaa wetu, ule ambao mwenyekiti Mwinshehe aliapa kwamba makaburi hayauzwi. Akaandika mount, amri ya kuifungua CD. Ikafunguka kicheni pati: mashangazi wa vitenge sare wanakata viuno.

Akampigia Venance, mpiga picha aliyeurekodi.

"Mkutano uko wapi?"

"Si umo humohumo, sista! Nafasi ilibaki, nikachomea na sherehe. CD tupu zilikuwaga adimu, ungefanyaje?"

"Yaani umemfukia mama yangu mara ya pili, juu ukaweka mashangazi?"

"Mie nilikuwa naokoa CD tu, dada'ngu."

Hapo Hamdiya akaelewa. CD ikichomwa mara mbili, kompyuta huonyesha uchomaji wa mwisho. Wa kwanza haujafutika, umefunikwa tu. Akaitoa kwa umount, akaandika upya, safari hii akiutaja ule wa kwanza:

mount -o ro,session=1 /dev/sr0 /mnt

Kisomeo cha CD kikakoroma kama mgonjwa wa pumu. Kisha akatokea Mwinshehe, ndevu bado nyeusi: "Makaburi hayauzwi, mie nikiwa hai!" Na watu wakanyoosha mikono kuafiki. Hamdiya akalia kwa furaha ya kijinga, ile ya mtu anayedhani ukweli ukishaonekana, kazi imekwisha.

Akabeba laptop mpaka ofisi ya mtaa, Tegeta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea sinema?" Mwinshehe akatazama mpaka mwisho, wala hakupepesa macho. "Siku hizi kompyuta inamsemesha hata mbuzi. Umeitengeneza hii. Niletee mtu aliyekuwepo, aniambie machoni."

Hamdiya akazunguka mtaani na video yake. Mwalimu Fredrick, ambaye mle kwenye video mkono wake umepanda kuliko yote, aliitazama akajikuna shingo. "Yule si mimi, mwanangu. Tunafanana tu."

"Na shati je, mwalimu? Si ndilo hilo ulilovaa!"

Mwalimu akafunga mlango. Demetria wa genge la mboga yeye hata mlango hakufungua, alisemea dirishani: "Sie tuna watoto, Hamdiya. Usituponze." Huyohuyo Demetria, Bi Salsabil ndiye aliyemkanda uzazi wake wa kwanza.

Leo greda limeshushwa makaburini. Hamdiya amesimama mbele yake peke yake, laptop kifuani, na dereva anamcheka: "Dada, pisha, nitakuchafua!"

Na wewe umo kwenye video ile, mstari wa pili, mkono juu. Usiniambie una kazi. Acha kusoma, vaa viatu, nenda ofisi ya mtaa sasa hivi kabla greda halijawashwa, umtazame Mwinshehe machoni umwambie: nilikuwepo.