Miche Iliyoajiriwa Kuugua

Siku ya kumi na nne mtafiti aliingia banda la vioo mbiombio, vifungo vya koti vimepishana. Kwa misimu mitano alikuwa mshenga wa maharage: aliyaozesha manono yasiyo na nguvu ya kuhimili maradhi kwa madogo magumu, ambayo ugonjwa wa kutu huyapita bila hata salamu. Watoto wa ndoa hiyo alikuwa amewanyunyizia kuvu ya kutu, aone nani karithi kinga.

Akapindua jani. Safi. La pili, safi. Miche yote kumi na miwili inang'aa kama imetoka saluni. Akacheza kidogo peke yake, mpaka macho yakaangukia mstari wa ukutani: maharage dhaifu, yaliyopandwa makusudi yaugue, ili ijulikane kuvu iko kazini.

Nayo safi. Basi kuvu haikufanya kazi, na usafi wa ile kumi na miwili haukuthibitisha kitu.

"Shangazi!"

Shangazi yake, mtunza bustani wa kituo, akatokea na ndoo.

"Umeifanya nini hii ya ukutani?"

"Ilianza kupauka, mwanangu, inanitazama. Nikaipulizia dawa."

"Hii tu?"

"Na yako. Nibague watoto wa watu?"

"Hii imeajiriwa kuugua!"

"Kazi gani hiyo? Hata likizo ya ugonjwa haina?"

Mkuu wa kituo alikuwa njiani, kuja kuidhinisha mbegu ziende kwa wakulima. Angetazama majani tu, akatia saini. Mtafiti akazunguka banda mara tatu, akauma kucha, akazunguka tena. Na kutu ikilifagia shamba la mtu? Mkuu alipoingia, akamweleza yote kabla ya salamu.

"Rudia," mkuu akasema. "Ukishindwa safari hii, banda nampa mwingine."

Akapanda upya, akanyunyiza upya, chupa ya dawa akaifungia kabatini. Kila saa yuko mlangoni, anaibembeleza miche dhaifu: "Ugueni basi, wapenzi." Siku ya kumi ikatoka vidoa vya rangi ya kutu. Akapiga kigelegele. Kugeukia ya kwake, hakuthubutu.

"Nitazamie, shangazi."

Shangazi akapindua majani, mche mmoja mmoja. "Mzima. Mzima. Huu... pole, huu umeugua." Mtafiti akafumba macho. Majani yakachakarisha, yakanyamaza.

"Mitatu migonjwa. Tisa mizima."

Mtafiti akapiga magoti topeni, akaanza kuifunga utepe ile tisa, alama ya miche ya mbegu. Fundo la kwanza likafunguka mara mbili.