Tambara la Kumi na Mbili

Shangazi yangu huchora kwa rangi za mafuta, na sheria yake kubwa ni hii: asubuhi yanatoka matambara kumi na mawili, jioni yanarudi kumi na mawili kwenye ndoo ya maji, mfuniko juu. Tambara lililolowa mafuta likikunjwa na kusahauliwa hupata joto lenyewe, mpaka linawaka. Halingoji kiberiti. Mimi, mwanafunzi wake, nilimbandika jina: Mwalimu wa Chekechea.

Jana jioni aliuliza, "Mangapi?"

"Yote yapo, Mwalimu. Hakuna mtoro."

Sikuwa nimehesabu.

Leo saa nne asubuhi, wageni waliokuja kutazama picha wameshaketi studio, mimi niko uani namwaga maji ya ndoo. Kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.

Nikakumbuka. La mwisho nilifutia mafuta matupu, bila rangi. Lilionekana safi kama leso, nikalitupa kwenye gunia la matambara safi. Na gunia liko chini ya benchi la wageni.

Nikaingia mbio. Benchini, juu ya gunia lenyewe, ameketi bibi mmoja na mjukuu wake.

"Shangazi," nikanong'ona, "kuna mtoro."

"Baadaye, mchekeshaji."

"Sitanii."

"Wewe hutanii lini?"

Wageni wakacheka. Ama kweli nilijipalia makaa mwenyewe. Nikamgeukia bibi. "Shikamoo. Tafadhali simama, bibi."

"Marahaba. Magoti haya, mwanangu, hayasimami mara mbili kwa siku."

Wakacheka tena. Pua yangu ikanasa harufu kama ya mafuta yaliyosahauliwa jikoni.

"Bibi," mtoto akasema, "huku chini kuna joto."

Shangazi akanitazama usoni, asione mzaha wowote.

"Nje! Wote!"

Nikambeba mtoto, wageni wawili wakamshika bibi makwapani. Shangazi akaliburuta gunia mpaka uani, moshi mwembamba ukimfuata, akalizamisha kwenye pipa la maji. Likachemka, chwaaa.

Tulipolifungua, tambara langu lilikuwa jeusi katikati, na tundu la kupitisha ngumi. Bibi alikuwa amemkumbatia mjukuu wake. Nilingoja nitukanwe. Shangazi akanisogezea ndoo tu.

"Mangapi?"

Nikalitia lile lenye tundu, nikaanza upya, kwa sauti, kuanzia moja.