Mate Kwenye Kiganja cha Kushoto

Mimi ndiye niliyempigia mume wangu ngoma ya uongo, kwa hiyo hadithi hii naisimulia mwenyewe kabla mwingine hajaiharibu.

Tulikuwa na hema la ngumi la Bosi Quilty, tukizunguka na maonyesho ya kilimo jimbo zima la Queensland, mji kwa mji. Kabla ya pambano mabondia wetu walipanda jukwaani nje wamevaa majoho, mimi nikipiga ngoma kubwa, na Quilty akiwachokoza wenyeji kama kweli pale pana wanaume. Anayejitokeza anarushiwa glavu. Akiidaka, amekubali. Ndani hakukuwa na kamba wala jukwaa, ni turubai tu lililotandikwa juu ya maranda ya mbao, na watu wamesimama pande zote.

Sasa, si kila aliyejitokeza alikuwa mwenyeji. Mmoja alikuwa wetu, tumemchomeka kwenye umati ili awachangamshe wengine. Alijitambulisha kwa kutema mate kiganja cha kushoto na kujipangusa pajani. Nikiona hivyo napiga ngoma mara mbili, taratibu, na Merv, mume wangu, anajua: huyu ni wetu, leo ni mchezo. Ishara hiyo niliichagua mimi, kule nchi ya kondoo, ambako mtu hatemi mate mkononi ovyo.

Mwaka ule Merv alikuwa na miaka thelathini na tisa, kilo sitini na mbili, na goti linalolalamika kila asubuhi. Msimu huo alikuwa ameshaangushwa mara mbili. Tulipofika Tully, Quilty akatuita pembeni.

"Merv, ukianguka mara ya tatu naandika barua. Wewe na Iris mnarudi kwenye makazi."

Aliyasema hayo huku anakula. Sisi watu weusi wa nchi hii, tuliokuwapo kabla ya wazungu, hatukuwa na ruhusa ya kwenda tutakako. Sahihi ya Quilty ndiyo iliyotutoa kwenye yale makazi ya serikali, ambako msimamizi anaamua ule nini, ulale saa ngapi, umtembelee nani. Tulikuwa nje miaka kumi na mmoja. Kurudi kule, kwangu mimi, ilikuwa ni kuzikwa huku natazama.

"Na mtu wetu wa leo ni mgeni," Quilty akaongeza. "Jitu kutoka Cairns, hamjawahi kumwona. Ishara ni ileile."

Saa nane mchana nikapiga ngoma. Quilty akatukana kidogo, akasifu kidogo, na nyuma ya umati watu wakaanza kupishana bila kuombwa. Akaja mtu, jamani, mpaka leo sijaona mwingine. Shingo hana, mabega yameanzia masikioni. Kilo mia moja na thelathini, na si za mafuta.

"Dougal, usimuue," mmoja akasema. "Mzee ana mke."

"Mleteeni babu kiti kabisa," akasema mwingine.

Dougal akatema mate kiganja cha kushoto, akajipangusa pajani, akadaka glavu. Nikapiga mara mbili, taratibu. Merv akanikonyeza.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi siku ile yangu nilikuwa nimeyaacha nyumbani. Tully ni nchi ya miwa. Kila mkata miwa, kabla hajashika panga, hutema mate mkononi. Ningegeuza shingo tu ningewaona kumi wenye ishara yetu, wote na mapaja yao machafu.

Basi kengele ikalia, na Merv akafanya kama tunavyofanya na mtu wetu. Akashusha mikono, akatoa kidevu, akangoja lile konde la maonyesho linalopita nywele. Konde lilikuja kweli. Merv akaenda chini chali, maranda yakatimka pembeni ya turubai.

Quilty akahesabu. Kwenye nane Merv akasimama, akamkumbatia Dougal kiunoni, akaning'inia hapo mpaka kengele. Wakati huohuo nikaona, kando ya mlango, jitu jingine lina mkate wa nyama mdomoni. Likanitazama kwa lawama, likatema mate kiganja cha kushoto. Nilitamani ardhi inimeze.

Quilty akapita karibu yangu. "Fungasha mizigo, Iris."

Nikaenda na ndoo. Maji nusu nimeyamwaga njiani. "Merv, nimekosea. Yule si wetu."

"Taya limeshanipa habari."

"Anasema tufungashe."

Akasukutua, akatema damu. "Nitakukasirikia kesho, mama. Leo nina kazi. Umemsikia anavyopumua? Kabla hajarusha, anavuta pumzi puani. Kama ng'ombe kwenye maji."

Sikuwa nimesikia chochote. Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na minne, nimemwona akipigana mara mia nne na zaidi, na bado sijui masikio yale aliyapata wapi.

Raundi ya pili Merv hakurusha ngumi hata moja. Alisimama mbele ya lile jitu, karibu kiasi cha kugusana vidole vya miguu, mikono ameishusha mapajani. Dougal akavuta pumzi, akarusha. Kichwa cha Merv hakikuwepo. Akavuta tena, akarusha la kushoto. Merv aliinama kidogo tu, kama mtu anayepita mlango mfupi wa nyumba yake mwenyewe. Konde la tatu, la nne, la tisa, yote yanapiga upepo, na kila moja lingeweza kumlaza farasi. Mwanzoni watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka. Hema zima likanyamaza, wazee wakavua kofia bila kujua wamezivua, na tukawa tunasikia kitu kimoja tu, ile pumzi puani. Hata mimi niliyeolewa na shida zake zote niliogopa. Nilijiuliza nalala na nani.

Raundi ya tatu, ndiyo ya mwisho, mikono ya Dougal ilikuwa mizito. Merv akamgusa ubavuni mara moja, chini ya mbavu ya mwisho, ngumi fupi ambayo wengi hawakuiona. Macho ya Dougal yakageuka meupe. Magoti yakalegea.

Hapo Merv angepiga hatua moja nyuma tu. Jitu lingeanguka, Quilty angefurahi, karatasi yetu ya ruhusa ingekuwa salama. Badala yake akaingia kifuani kwake, akaweka bega chini ya kwapa lile, akambeba. Kilo sitini na mbili chini ya mia na thelathini. Akamzungusha taratibu, goti linatetemeka, kana kwamba wote wawili wamechoka na wanakumbatiana. Nikahesabu sekunde ishirini na sita. Nililia waziwazi wala sikujipangusa.

Kengele. "Sare!" Quilty akatangaza kwa uchungu, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu ya ile barua.

"Si sare," akasema Dougal. Alikuwa anayumba. "Mimi nilisinzia. Nimemsikia marehemu mama ananiita nikanywe chai. Huyu mzee ndiye aliyenishikilia, vinginevyo mngenizoa na koleo."

Akainama sana ili aweze kuuinua mkono wa Merv. "Kwa nini hukuniacha nianguke, kaka?"

"Kesho unakata miwa na hawa hawa," Merv akasema. "Watakucheka mpaka msimu uishe. Mimi kesho sipo."

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume walisogea mmoja mmoja wakamgusa bega, wakatoka nje, na nje wakapanga foleni tena, hela ya kiingilio mkononi.

Quilty akaitazama foleni. Akamtazama Merv. Kalamu akairudisha mfukoni.

"Mizigo uliyofungasha, Iris," akasema, "ipakie kwenye lori letu. Jumatatu tuko Innisfail."

Nikatoka nje, nikarudi kwenye ngoma yangu. Dougal alikuwa anatoka hemani, amemshika Merv begani kama mtoto anayefundishwa kutembea, anatema mate mkononi ashike mlingoti asianguke.

Nikapiga mara mbili, taratibu. Merv akageuka na mdomo wake uliovimba, akacheka.